Mhariri wa Awendo

Msomaji kijana, huenda umepata kupita Awendo, katika Kaunti ya Migori, ukayaona mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari. Huko ndiko alikozaliwa Philip Ochieng, mwaka 1938, aliyekuja kuwa mmoja wa wahariri mashuhuri wa Afrika ya Mashariki. Yafaa uyajue maisha yake ya kazi, kwani yaleta swali linalomhusu kila asomaye habari, ziwe za karatasi au za intaneti: mhariri ni mtumishi wa nani?

Ochieng alisoma Alliance High School. Wakati huo Tom Mboya, ambaye kwao ni kisiwa cha Rusinga, katika Homa Bay, aliona kuwa uhuru wakaribia na wasomi ni haba. Akaenda Marekani kuomba msaada, na Septemba 1959 ndege moja ikawachukua wanafunzi 81. Ochieng alikuwa miongoni mwao; akaingia Chuo Kikuu cha Roosevelt, Chicago, kusoma fasihi.

Mwaka 1966 alianza kazi katika gazeti la Nation, Nairobi, ambalo wakati huo lilikuwa mali ya mtu binafsi, Aga Khan. Mapema katika miaka ya 1970 alihamia Dar es Salaam, akaandika katika The Standard. Gazeti hilo serikali ya Mwalimu Nyerere ilikuwa imelitaifisha Februari 1970, na mhariri wake alikuwa Frene Ginwala wa Afrika ya Kusini. Aliporudi Kenya alishirikiana na Joseph Karimi kutunga The Kenyatta Succession, kitabu kilichotolewa mwaka 1980, kikaeleza mbinu za waliotaka kumzuia Daniel arap Moi asiurithi urais.

Jaribio kubwa lilimfika mwaka 1988, alipofanywa mhariri mkuu wa Kenya Times, gazeti la chama cha KANU. Wananchi walipodai vyama vingi, gazeti hilo liliwashambulia vikali wenye kudai. Wengi walimlaumu Ochieng, wakiuliza imekuwaje kalamu kali namna ile ikawalinda wenye nguvu. Aliondoka mwaka 1991, na mwaka uliofuata akatoa I Accuse the Press. Humo aliwashitaki waandishi wenziwe, akashikilia kuwa hata gazeti lijiitalo huru lamtumikia mwenye mali.

Baadaye aliandika safu katika Nation kwa miaka mingi, akiwakosoa waandishi kwa kuiharibu lugha. Alifariki tarehe 27 Aprili 2021.

Sasa pima mwenyewe, msomaji. Ochieng alifanya kazi chini ya tajiri, chini ya serikali, na chini ya chama. Kila mmoja alikuwa na lake alilolitaka. Hoja yake juu ya wenye mali ina uzito, lakini haiwaondolei lawama wale walioandika. Basi usomapo habari, tazama kwanza ni nani alipaye gharama zake, kisha uliza ni jambo gani lililoachwa lisisemwe.