UZI: "Wapelekwe NYS Wanyooshwe!" Historia Fupi ya Hoja Isiyozeeka

1/ Kenyatta Market, Jumamosi mchana. Umeagiza nusu kilo ya choma, moshi unakuingia machoni, na kabla nyama haijakatwa mzee wa meza ya pili ashatoa hukumu: "Hawa vijana wote wapelekwe NYS kwa lazima, wanyooshwe!" Kijana anayeleta maji ya kunawa akamjibu kwa heshima: "Mzee, mimi nilienda. Nilinyooshwa. Sasa si unaona niko wapi?" Meza ikanyamaza.

2/ Wadau, hii hoja hurudi kila msimu wa siasa. Kama kawaida yetu hapa, hatutaji mwanasiasa wala chama. Tunaangalia tu ilikotoka, ndiyo siku ukiisikia jukwaani ujue cha kuuliza. Vuta kiti.

3/ Tuanze Januari 1964. Uhuru wa Kenya hauna hata miezi miwili. Tarehe 20, askari wa kambi ya Colito pale Dar es Salaam wanaasi. Tarehe 23 ni Jinja, Uganda. Tarehe 24 ni Lanet, karibu na Nakuru. Siku tano, nchi tatu, na serikali zote tatu zinaita wanajeshi wa Uingereza kuja kuzima moto. Hebu fikiria hiyo aibu, bendera bado mpya.

4/ Nje ya kambi kuna kundi lingine: vijana waliotoka msituni, waliotoka vizuizini, waliopiga kampeni za uhuru. Hawana kazi, hawana shamba, na wanakumbuka walichoahidiwa. Mwaka huo huo Kenya ikapitisha sheria ya kuunda Huduma ya Vijana kwa Taifa, yaani NYS. Kwata na nidhamu ya kijeshi, kisha kazi za ujenzi wa taifa, kisha ufundi.

5/ Shika hapo, maana ndiyo kiini cha uzi huu. Tangu mwanzo yalikuwa mapatano ya pande mbili. Kijana anatoa jasho na utiifu, serikali inatoa ujuzi na njia ya kujitegemea. Wanasiasa wengi hukumbuka upande wa kwanza tu.

6/ Na kusema kweli, kuna wakati mapatano yalizaa matunda. Wapo maseremala, mafundi umeme na madereva walioanzia huko. Waliokuwa wakipanga foleni Nairobi miaka ya 1980 wanakumbuka mabasi ya Nyayo, yaliyoanza yakiendeshwa na vijana wa NYS, nauli nafuu. Katikati ya miaka ya 1990 yalikuwa yashakufa. Basi likifa, na kazi ya dereva imeenda.

7/ "Lakini ifanywe lazima!" Sawa, jirani alijaribu. Tanzania ilianzisha JKT mwaka 1963, na mwaka 1966 ikaamua kwamba wasomi watumikie miaka miwili, sehemu kubwa ya muda huo kwa asilimia 40 ya mshahara. Oktoba 22, wanafunzi wa chuo kikuu wakaandamana Dar es Salaam. Zaidi ya 300 wakarudishwa makwao. Rais naye, kuonyesha kwamba kujitolea si kwa vijana peke yao, akajikata mshahara kwa asilimia 20.

8/ Ukimuunga mkono au usimuunge, hapo kuna kipimo. Anayedai vijana wajitolee, yeye amekatwa nini? Hilo swali liweke mfukoni. Baadaye, mwaka 1994, Tanzania ilisimamisha ule mpango wa lazima, ukarudi mwaka 2013.

9/ Kenya pia tulionja lazima. Agosti 1, 1982, sehemu ya jeshi la anga ilijaribu kupindua serikali, na wanafunzi wa chuo kikuu walionekana mitaani wakishangilia. Mwaka 1984 ikaamriwa kwamba kabla ya kuingia chuo kikuu, upitie kwanza mafunzo ya NYS. Wengine wanakumbuka urafiki uliovuka makabila. Wengine wanakumbuka adhabu tu. Kelele za vyuoni hazikuisha: mwisho wa miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990 wanafunzi waligoma kama kawaida, wengi wao wakiwa wamepita kwata. Mpango wenyewe ukakoma.

10/ Kuna hatari nyingine: je, kijana aliyefunzwa kijeshi anamtii nani? Malawi ilikuwa na Young Pioneers, walioanza kama vijana wa kilimo na maendeleo. Miaka ikaenda, wakageuka kikosi chenye silaha cha chama tawala. Desemba 1993 jeshi lenyewe la Malawi lilibidi liwavamie na kuwapokonya silaha.

11/ Sasa turudi nyumbani. Kutoka Kenyatta Market kwenda Kibera ni mwendo wa miguu. Mwaka 2014 vijana wa NYS waliingia huko, wakafanya kazi na vijana wa mtaa: mitaro, vyoo, barabara. Malipo mengine yakienda kwa sacco. Kwa mara ya kwanza, wengi walikuwa na kitu cha kuweka akiba. Mwaka 2015 ikaja kashfa ya shilingi milioni 791. Mwaka 2018 kashfa nyingine, ya mabilioni. Aliyeshika jembe hakuwa ndiye aliyeshika kalamu, lakini kazi ikipungua ni yeye anayelala njaa.

12/ Na hiyo Kibera yenyewe ni somo. Mwanzoni mwa karne ya 20, Waingereza waliwakalisha hapo askari wa Kinubi waliotumikia King's African Rifles. Walipewa mahali pa kukaa, hawakupewa karatasi. Jamii yao ilipata hatimiliki ya ekari 288 mwaka 2017. Zaidi ya miaka 100! Utumishi ulipokewa siku ile ile. Malipo yakasubiri vitukuu.

13/ Tuwe wa haki kwa yule mzee. Kwa kijana ambaye hana karo wala mjomba ofisini, NYS inaweza kuwa cheti chake cha kwanza. Na serikali imesema asilimia 80 ya wanaoajiriwa kwenye vikosi vya usalama watoke NYS. Kwa wazazi wengi hiyo ni sababu tosha ya kumwambia mtoto aende.

14/ Lakini angalia vizuri. Kama mlango wa polisi na jeshi unapitia NYS, basi kwa anayeitaka hiyo sare, hiari imekuwa lazima bila sheria kubadilishwa. Na vita ya kuhonga nafasi inaweza kuhamia mlango wa NYS. Nani anachagua, kaunti ipi inapata ngapi, na wale wanaobaki nje wanaenda wapi?

15/ Kwa hivyo, msimu huu mtu akikuambia vijana wapelekwe, muulize maswali manne:
– Akimaliza, kazi iko wapi?
– Anamtii nani: katiba au mtu?
– Hesabu za pesa anazikagua nani, na lini tutaziona?
– Mtoto wako ataenda?

16/ Yule kijana wa maji ya kunawa, kumbe alisomea uashi. Mzee alipokwisha kula alimuuliza pole pole: "Sasa wewe, kujenga ukuta unaweza?" Akajibu, "Naweza, baba. Nipe tu ukuta." Mzee akatoa simu, akaandika namba yake. Sijui kama alimpigia. Lakini swali la ukuta ndilo lilipaswa kuja kabla ya lile la kunyoosha.

Mwisho wa uzi. Kama ulipitia NYS au JKT, mwaka wowote, tuambie hapa chini: ulipotoka getini, nini kilikuwa kinakungoja?