Sheria ya Madai dhidi ya Serikali (California)

Sheria ya Madai dhidi ya Serikali ni jumla ya vifungu vya Kanuni ya Serikali ya jimbo la California, nchini Marekani, kuanzia kifungu cha 810, vilivyopitishwa mwaka 1963 ili kubainisha ni hasara zipi ambazo raia aweza kuzidai kwa serikali ya jimbo, kaunti, mji au shule ya umma, na kwa utaratibu gani. Ilizoeleka zamani kuitwa kwa jina la madai ya madhara peke yake, hata mwaka 2007, katika shauri la City of Stockton, Mahakama ya Juu ya jimbo ilipokhitari jina la sasa, kwa kuwa masharti yake yanayashika madai ya mikataba pia.

Asili

Kaida ya kale iliyotoka Uingereza, kwamba mfalme hakosi wala hashitakiwi pasipo ridhaa yake, iliendelea kufuatwa Marekani ijapokuwa hakukuwa tena na mfalme wa kulindwa. Katika California kaida hiyo ilivunjwa tarehe 27 Januari 1961, katika shauri la Muskopf dhidi ya hospitali ya umma ya Corning, ambamo mgonjwa aliyelazwa alidai kwamba alianguka na kuzidishiwa madhara kwa uzembe wa watumishi. Jaji Roger Traynor, akiandika kwa niaba ya majaji walio wengi, aliihesabu kinga hiyo kuwa masalio ya zama zilizopita yasiyo na hoja wala insafu. Bunge la jimbo liliharakisha kuisimamisha athari ya hukumu hiyo hadi mwaka 1963, na katika muhula huo Tume ya Marekebisho ya Sheria, ikiutegemea uchunguzi mrefu wa profesa Arvo Van Alstyne, ikatayarisha miswada iliyozaa sheria hii.

Dhima na kinga

Kifungu cha 815 charejesha kinga kuwa ndiyo asili: taasisi ya umma haina dhima ila ile iliyotajwa na sheria. Miongoni mwa dhima zilizotajwa ni makosa ya watumishi wakiwa kazini, na hali ya hatari katika mali ya umma. Maamuzi ya hiari ya watumishi yamekingwa, na fidia ya kuadhibu haitolewi.

Utaratibu wa kudai

Kabla ya kwenda mahakamani kudai fedha, mdai sharti, aghalabu, apeleke kwanza madai ya maandishi yenye jina na anwani yake, tarehe, mahali na namna tukio lilivyotokea, hasara aliyoipata, na jina la mtumishi aliyehusika iwapo lajulikana. Kiasi cha fedha hutajwa kikiwa hakizidi dola 10,000, kikizidi, hakitajwi. Madai ya kifo, ya kuumizwa mwili, ya mali inayohamishika au ya mazao yaliyo shambani hupelekwa katika muda wa miezi sita, nao ni muda mfupi mno kwa majeruhi aliye kitandani, walakini kabla ya mwaka 1988 ulikuwa siku 100 tu. Madai mengineyo hupewa mwaka mmoja. Aliyechelewa aweza kuomba idhini ndani ya mwaka, na akinyimwa, kuiomba mahakama.

Taasisi ina siku 45 za kujibu, na ikinyamaza huhesabiwa kuwa imekataa. Aliyepelekewa barua ya kukataliwa ana miezi sita ya kufungua shauri. Asiyepelekewa ana miaka miwili tangu sababu ya shauri ilipozuka.

Madai dhidi ya jimbo lenyewe hupokelewa na Idara ya Huduma za Jumla, iliyokabidhiwa kazi hiyo mwaka 2016, kwa ada ya dola 25, ambayo mafakiri husamehewa. Madai dhidi ya mji au kaunti hupelekwa huko huko.

Kwingineko

Serikali kuu ya Marekani ina sheria yake ya mwaka 1946. Tanzania, iliyorithi kaida ile ile ya Uingereza, ina Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali ya mwaka 1967, inayomtaka mdai atoe notisi ya siku 90 kabla ya kushitaki.