Palizi ya Baada ya Masika Katika Mashamba ya Karafuu

Asomaye tarikhi ya mikarafuu ya Unguja na Pemba aghalabu hukutana na masultani, majahazi na bei za soko. Majani hayatajwi, ijapokuwa kwa rai yangu ni machache yaliyoamua nani akae shambani, na kwa sharti gani, kama majani yaotayo masika yanapokatika.

Masika ya visiwani huanza mwezi wa Machi yakaendelea hadi Mei, na mvua zikishatua, chini ya mikarafuu hutanda ukoka na ndago hata ardhi isionekane. Ukoka una nafuu yake. Ndago ni balaa nyingine, kwani ukiikata kwa jembe, viazi vyake vidogo hubaki chini vimeunganishwa kwa nyuzi nyembamba, na baada ya siku chache huchipua upya. Kwa hiyo mpaliliaji hodari huinama akafukua, akakung'uta udongo, akaianika mizizi juani huku akiomba mvua isirudi jioni. Nayo kazi hii haikwepeki, kwa kuwa karafuu zidondokazo wakati wa kuchuma haziokoteki majanini, na mche mchanga usiopaliliwa husongwa ukafa. Haja ya palizi ilizidi baada ya dhoruba ya tarehe 15 Aprili 1872, iliyopiga katikati ya masika yenyewe ikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa. Waliopanda upya walihitaji mikono kwa kila mche.

Mikono hiyo ilikuwa ya watumwa. Kwa ada iliyoenea, mtumwa wa shamba alimfanyia bwana wake kazi siku tano, na Alhamisi na Ijumaa akalima kikonde chake cha muhogo. Sheria ya 1897 ilipoiondoa hadhi ya utumwa, bwana aliyezoea kuamrisha alibaki na miti yake na majani yake. Ndipo yakaenea mapatano ambayo hakuna karani aliyeyabuni: aliyekuwa mtumwa, na baadaye mgeni kutoka bara, aliruhusiwa kujenga kibanda na kupanda muhogo, viazi na kunde kati ya mikarafuu bila kulipa kodi, naye kwa kulima chakula chake akawa amemsafishia mwenye shamba ardhi yake.

Sharti moja lilikuwa zito: mkaazi asipande mti wa kudumu. Muhogo ukishang'olewa hauna daawa, lakini mnazi au mwembe ni milki, na katika ada za visiwani mti waweza kuwa wa mtu huyu na ardhi ikawa ya yule. Hivyo mtu aliweza kuzeeka shambani, akaoa, akazaa, akazikia watu wake hapo hapo, asiwe na hata mpapai wa kudai.

Mapatano hayo yalidumu zaidi ya nusu karne, hata siasa zikaingia kondeni: baada ya uchaguzi wa Julai 1957 wakaazi wengi walifukuzwa kwa kudhaniwa wanakiunga mkono chama asichokitaka mwenye shamba. Mapinduzi ya 1964 yalipoifanya ardhi kuwa ya serikali, familia zikaanza kugawiwa eka tatu tatu, na miongoni mwa waliopewa wakawamo watu ambao hadi juzi walikatazwa kupanda mnazi.