Nyumba ya mawe ya zamani? Usikimbilie simenti

Una nyumba ya zamani Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu? Kabla fundi hajapiga lipu ya simenti, soma hapa.

Kuta hizo ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Zinanyonya unyevu, kisha zinautoa nje kupitia lipu ya chokaa. Ukiziba kwa simenti, maji yanakosa pa kutokea. Chumvi inajikusanya, lipu inabanduka, vichwa vya boriti vinaoza. Kwa nje nyumba inang'aa, kumbe inaumia ndani kwa ndani.

Vipi mazingira? Chokaa huchomwa kwa takriban nyuzi joto 900. Saruji huhitaji takriban 1,450. Zote hutoa hewa ya kaboni zikichomwa, ila chokaa inapokaza ukutani hunyonya tena sehemu ya hewa hiyo.

Kasoro zipo: chokaa huchelewa kukaza, inataka fundi anayeijua, na tanuri za kuni hula miti.

Kwa ghorofa la zege, simenti sawa. Kwa nyumba ya matumbawe, mwambie fundi: chokaa.