Dénes Kőnig na Mitandao ya Simu

Elimu ya grafu, yaani tawi la hisabati lishughulikalo nukta na mistari iziunganishayo, huhesabiwa kuwa ilianza mwaka 1735, pale Leonhard Euler alipoithibitishia Akademia ya Sayansi ya St Petersburg kwamba haiwezekani kuvuka madaraja yote saba ya mji wa Königsberg, kila moja mara moja tu. Karne mbili zikapita bila elimu hiyo kupata kitabu kilicho chake hasa. Ilikuwa kama mtoto asiye na kwao: huku ikilelewa na mafumbo, huku na hesabu za nyaya za umeme, huku na michoro ya wanakemia. Aliyeijengea nyumba ni Dénes Kőnig wa Budapest.

Kőnig alizaliwa mwaka 1884. Baba yake, Gyula, alikuwa naye mwanahisabati mashuhuri. Alipata shahada ya udaktari mwaka 1907, akafundisha katika Chuo cha Ufundi cha Budapest hadi kufa kwake. Kanuni aliyoitangaza mwaka 1916 yafaa kuelezwa kwa mfano wa shule. Pana walimu na pana madarasa. Hapana mwalimu mwenye vipindi zaidi ya vitano, wala darasa lenye zaidi ya vitano. Vyovyote vipindi hivyo vitakavyogawanywa, vyote vyaweza kupangwa katika saa tano, pasiwe na mwalimu atakiwaye mahali pawili wala darasa liingiwalo na walimu wawili kwa wakati mmoja.

Ithibati yake ina uzuri wa pekee. Tuseme kipindi kimoja kimekosa nafasi: mwalimu wake ana nafasi saa ya kwanza, na darasa lake lina nafasi saa ya pili. Hapo hufuatwa mnyororo kuanzia darasani: kipindi cha saa ya kwanza, kisha cha saa ya pili, kisha cha kwanza tena, hadi mwisho wake, halafu vipindi vyote vya mnyororo huo hubadilishana saa. Mnyororo huo humfikia kila mwalimu kwa kipindi cha saa ya kwanza tu, na yule mwalimu wa mwanzo hana kipindi saa hiyo. Basi haumgusi kamwe. Darasa nalo limepata nafasi saa ya kwanza, na shida imekwisha.

Mwaka 1936 Kőnig alichapisha huko Leipzig, kwa Kijerumani, kitabu chake juu ya grafu zenye mwisho na zisizo na mwisho, ambacho huhesabiwa kuwa kitabu kamili cha kwanza cha elimu hiyo. Miongoni mwa waliomsikiliza darasani walikuwamo Paul Erdős na Tibor Gallai. Lakini nyakati zilikuwa mbaya. Kőnig alikuwa wa asili ya Kiyahudi, na Hungaria ilipokaliwa na majeshi ya Ujerumani mwaka 1944 alijitahidi kuwasaidia wanahisabati walioteswa. Tarehe 15 Oktoba mwaka huo chama cha Msalaba wa Mishale kilitwaa serikali. Siku nne baadaye, Kőnig alijiua.

Wakati huo makampuni ya simu yalikuwa na shida ya namna nyingine. Kuunganisha watu 100 wapigao na 100 wapigiwao, kwa swichi moja kubwa, kwahitaji maungio 10,000. Mwaka 1953 Charles Clos, wa Maabara ya Bell huko Marekani, alionyesha kwamba kazi hiyo yaweza kugawanywa kwa safu tatu za swichi ndogo. Zikiwapo swichi 19 katika safu ya kati, simu mpya haitakosa njia kamwe, na maungio ni 5,700 tu. Je, zikipunguzwa zikawa 10? Maungio yatashuka hadi 3,000, ila huenda simu mpya ikakosa njia mpaka zile zinazoendelea zihamishwe. David Slepian mwaka 1952, na A. M. Duguid mwaka 1959, walithibitisha kwamba daima kuna namna ya kuzihamisha.

Hapa ndipo ilipo nguvu ya Kőnig. Swichi za safu ya kwanza ni walimu, za safu ya tatu ni madarasa, kila simu ni kipindi, na swichi 10 za kati ni saa za siku. Simu zahamishwa kwa mnyororo ule ule wa mwaka 1916. Slepian na Duguid waliegemea kanuni ya Philip Hall ya mwaka 1935, ambayo kwa kweli ni ndugu wa damu wa hiyo ya Kőnig. Mwingereza akasifiwa sana, na Mhungaria akatajwa mara chache kuliko alivyostahili.

Mitambo ya simu ya zama zile imekwisha kuondolewa karibu kote. Mpango wa Clos haukuondoka nayo: katika karne ya 21 umejengwa upya ndani ya majumba makubwa ya kuhifadhia data, ambamo maelfu ya kompyuta huzungumza kupitia safu za swichi. Kitabu cha Leipzig kilitolewa kwa Kiingereza mwaka 1990, miaka 46 baada ya kufa kwa mwandishi wake.