Picha Nyingi, Faida Ipi?

Zamani wanawake wengi waliokwisha kutibiwa saratani ya matiti waliagizwa kupigwa picha za mifupa, kifua na ini kila baada ya muda, hata bila dalili. Ilidhaniwa kwamba ugonjwa uliorudi ukionekana mapema, mgonjwa ataishi zaidi.

Madaktari wa Italia waliipima dhana hiyo. Wanawake 1,320 waligawanywa kwa kura mafungu mawili karibu sawa. Wote walionwa na daktari na kupigwa picha ya matiti kila mwaka. Fungu moja likaongezewa picha zile nyingine. Matokeo yalitangazwa mwaka 1994: katika fungu la picha nyingi walikufa 132, katika lile jingine 122.

Basi, mgonjwa asiye na dalili, asiyepigwa picha ya mifupa, hakutupwa. Dalili ikizuka, ndipo hupigwa.