Puto la Mwaka 1908

Kila nifikapo Mwankoko, upepo wa Singida hunikumbusha mwaka 1908. Vita vya Majimaji vilikuwa vimezimwa mwaka uliotangulia, na Mjerumani Arthur Berson akaja Ziwa Victoria kurusha maputo ya kupimia hewa. Puto lilipanda hadi likapasuka, chombo kikaanguka. Kisipookotwa, vipimo vyake vilipotea navyo. Maputo hayo yalifichua pepo zitokazo magharibi juu ya anga la ikweta. Dunia ikazipa jina la Berson.

Anga lilikuwa letu, elimu yake ikahifadhiwa Ujerumani. Ndiyo maana nawahimiza wanafunzi wetu: rusheni puto, kisha lifuateni mpaka lilipoangukia. Asiyeokota chombo chake atasomewa anga lake na mgeni.